Nani Alipie Stima ya Kuchimba Sarafu?

Katika ploti nyingi za Pipeline, Tassia, Kayole na Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, masharti ya stima hayaandikwi popote lakini kila mpangaji anayajua. Mita ni moja, milango ni kumi au ishirini, na mwisho wa mwezi keretaka hupanda ngazi na daftari lake kukusanya mchango. Mwenye friji huongezewa. Anayepiga pasi kila asubuhi hutajwa kwa jina. Anayepikia koili husutwa mbele ya watoto wake, na zipo ploti ambako onyo dhidi ya koili limeandikwa kwa rangi nyekundu kando ya swichi kuu.

Daftari hilo halina safu ya kompyuta. Kompyuta huchukuliwa kuwa kitu cha kusomea. Haina joto la koili wala mngurumo wa friji kuukuu, na ikikesha imewaka, keretaka ataamini kwamba kijana wa chumba cha juu anamalizia kazi ya chuo. Huenda ni kweli. Huenda pia mashine hiyo inachimba sarafu za kidijitali, mwenyewe akijua au asijue, na majirani wote wanamchangia.

Mafundi wa programu huria wana swali wanalobishania: je, mifumo ya kompyuta kama Debian na Ubuntu, inayogawiwa bure duniani kote, ibebe programu za kuchimba sarafu ilhali kazi kubwa ya programu hizo ni kula umeme? Wao hulijadili kwa lugha ya uhuru. Ukilileta Eastlands, swali hilo linakuwa la bili, na nadhani hapo ndipo linapoeleweka vizuri zaidi.

Kwa asiyezifuata habari hizi, kuchimba ni kubahatisha. Takriban kila dakika 10 mtandao wa Bitcoin huwa na fumbo jipya la hesabu, na mashine kote duniani hukimbizana kulifumbua. Hakuna werevu unaosaidia. Ni kujaribu namba baada ya namba, mabilioni kwa mabilioni, hadi mmoja abahatike. Huyo hupewa sarafu mpya, ambazo tangu Aprili 2024 ni 3.125 kwa kila fumbo, pamoja na ada za waliotuma pesa. Wengine wote wamechoma umeme wakatoka patupu. Watetezi husema uchomaji huo ndio ulinzi wenyewe, kwa kuwa anayetaka kughushi hesabu lazima achome umeme kuwashinda wachimbaji waaminifu wote wakiwekwa pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge hukadiria kwamba Bitcoin peke yake hutumia zaidi ya terawati-saa 100 kwa mwaka. Kenya nzima, ukihesabu viwanda vyote vya Enterprise Road na balbu ya mwisho kule Lodwar, hutumia takriban 14.

Debian nayo ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, na mpaka leo hutunzwa na watu wanaojitolea. Toleo lake la 13, lililotoka Agosti 2025, lina vifurushi karibu 70,000 vya programu. Ubuntu, iliyoanza 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imejengwa juu yake. Huku kwetu mifumo hii iliingia kwa mlango wa mtumba. Kompyuta zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya hutua Nairobi, hupitia maduka ya katikati ya jiji, kisha huishia kwenye saiba za Buruburu na Donholm au kwenye meza ya mwanafunzi Komarock. Windows mpya huzilemea. Linux, ukoo wa Debian na Ubuntu, huzifufua, tena bila kudai leseni. Kiswahili pia kilifaidi: Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, kwa sababu tu msimbo ulikuwa wazi na hakuna aliyehitaji kuombwa ruhusa. Ninayasema haya mapema ili nisieleweke kuwa adui wa programu huria. Nimeandika makala nyingi kwa kutumia Linux, na hii ni mojawapo.

Basi katika maghala ya programu ya mifumo hii zimekuwemo programu za uchimbaji. Inayojulikana sana ni cgminer, iliyoandikwa na Con Kolivas, daktari wa nusukaputi wa Australia ambaye uandishi wa programu ni shughuli yake ya pembeni. Debian imeibeba kwa miaka, pamoja na mwenzake bfgminer. Hazikujificha. Zilikaa ghalani zikisubiri mtu aandike amri ya mstari mmoja azishushe.

Wanaotaka zibaki wana hoja nzito. Debian ina miongozo ya programu huria iliyopitishwa 1997, na sharti la 6 linakataza leseni kubagua aina ya kazi. Huwezi kusema programu hii itumike shuleni lakini isitumike katika biashara au katika utafiti wa vinasaba. Ukianza kuondoa programu kwa sababu zinakula umeme, utaishia wapi? Ghala lilelile lina BOINC, programu inayokopesha nguvu ya kompyuta yako kwa watafiti. Kwa mtindo huohuo wa kukopeshwa, mradi wa SETI@home ulitumia mashine za watu wa kawaida kuanzia 1999 hadi Machi 2020 kutafuta dalili za viumbe wa sayari nyingine. Huo nao ni umeme. Kijana anayehariri video za harusi Umoja Innercore anachoma umeme, anayecheza gemu usiku kucha anachoma, na sasa wapo wanaoendesha akili mnemba nyumbani. Nani atakayeshika mizani na kuamua kipi ni halali na kipi ni anasa?

Hoja yao ya pili naiona kuwa na uzito zaidi. Programu iliyo ndani ya Debian imepitiwa na watu, msimbo wake unasomeka, na ina sahihi inayothibitisha kwamba haijachezewa njiani. Ukiiondoa, kijana aliyeazimia kuchimba hataacha. Ataifuata kwenye tovuti asiyoijua au kundi la Telegram, na huko atapewa toleo ambalo mtu amekwisha kuligusa, ili sarafu ziende mfukoni mwa mwingine na nywila zake zifuate njia hiyohiyo.

Hata hivyo sharti la 6 hutajwa kama kwamba linasema lisilosema. Linahusu leseni. Halitoi haki kwa kila programu huria duniani kubebwa na Debian. Vifurushi hukataliwa na kuondolewa kila mara, kwa kukosa mtunzaji, kwa kuwa na matundu ya usalama, au kwa kuwa havimfai mtu. Duka la vifaa pale Mutindwa haliuzi kila kitu kilicho halali nchini. Mwenye duka huchagua cha kuweka rafuni, na uchaguzi wake haujamnyima mtu uhuru.

Tukifika kwenye swali la manufaa, namba ni kali. Chukua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Core i5 ya miaka kumi iliyopita. Ikifanyishwa kazi kwa nguvu zote itavuta wati 90 hivi. Kwa saa 24 hizo ni yuniti 2 na ushei. Yuniti moja ya tokeni ya nyumbani, kodi na tozo zikiwemo, huangukia kati ya shilingi 20 na 30 kulingana na kundi lako la matumizi. Tuseme 25. Unachoma shilingi 54 kwa siku, zaidi ya 1,600 kwa mwezi.

Unapata nini? Kwa Bitcoin, hakuna kitu. Kazi hiyo ilitwaliwa zamani na mashine maalumu ambazo haziwezi kufanya jambo jingine lolote. Tuijaribu Monero, sarafu ambayo wahandisi wake walibadilisha fumbo mwezi Novemba 2019 makusudi ili kompyuta za kawaida zipate nafasi. Mtandao wake hutoa sarafu 0.6 kila dakika 2, yaani 432 kwa siku, zikigawiwa dunia nzima. Nguvu ya mtandao huo ni mabilioni ya majaribio kwa sekunde. Core i5 yetu inachangia elfu moja au mbili. Fungu lake halifikii nusu ya sehemu moja ya elfu ya sarafu moja kwa siku, na hata ukihesabu sarafu moja kuwa shilingi 40,000, umeambulia chini ya shilingi 20. Unatoa 54 upate 20, na kabla hujaziona kuna ada ya kundi mnalochimba nalo na ada ya kuzigeuza ziwe M-Pesa.

Waliotunga Bitcoin Core, programu mama ya sarafu hiyo, walikwisha kuliona jambo hili. Zamani ilikuwa na mchimbaji ndani yake. Mwaka 2016, katika toleo la 0.13.0, walimtoa, kwa kuwa kompyuta ya kawaida haikuwa na lolote la kupata humo. Ethereum nayo, iliyowafanya vijana wa dunia nzima wagombanie kadi za michoro, iliachana na uchimbaji kabisa tarehe 15 Septemba 2022, na matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa hiyo mchimbaji wa mezani amebaki na sababu mbili tu za kuwepo. Ya kwanza ni kujifunza, na sina ugomvi nayo. Ya pili ni kwamba umeme analipa mtu mwingine.

Hiyo ya pili ndiyo yetu. Mwenye hesabu ya 54 kwa 20 hupata hasara ikiwa tokeni ni zake. Mpe ploti yenye stima ndani ya kodi, au mita ya kugawana, au kompyuta za saiba anayoilinda usiku, au maabara ya shule anayoitunza, na hesabu inapinduka. Zile shilingi 20 zinakuwa faida tupu. Zile 54 zinagawanywa kwa milango kumi na mitano, na kila mlango utalalamika kwamba Kenya Power imepandisha bei tena. Mama muuza mboga anayewasha balbu moja na kuchaji simu atachangia uchimbaji wa sarafu asiyoijua hata jina. Lugha ya uhuru wa mtumiaji haitoshi hapa, maana inachukulia kwamba anayewasha mashine na anayelipia stima ni mtu mmoja. Eastlands mara nyingi ni wawili, au ishirini.

Ubaya zaidi ni pale ambapo hata mwenye kompyuta hakuulizwa. Mei 2018 iligunduliwa kwamba michezo miwili midogo katika duka la programu la Ubuntu, 2048buntu na Hextris, ilikuwa imefichiwa mchimbaji ndani. Mtu alishusha gemu ya kupoteza muda, kompyuta yake ikaanza kumchimbia mgeni. Canonical, kampuni inayosimamia Ubuntu, iliiondoa michezo hiyo. Nilipendezwa na maelezo yake: haikusema uchimbaji wenyewe ni kosa, ilisema kosa ni kutomwambia mtumiaji. Nakubaliana na nusu ya maelezo hayo. Yanamjali aliyeketi mbele ya skrini. Anayelipa mita hayumo.

Wala si ulimwengu wa programu huria pekee uliojikwaa. Kati ya Septemba 2017 na Machi 2019 kulikuwa na huduma iliyoitwa Coinhive, iliyowawezesha wenye tovuti kuichimbisha kompyuta ya kila mgeni anayefungua ukurasa wao. Wahalifu waliipachika kwenye maelfu ya tovuti za watu bila idhini, zikiwemo za serikali ya Uingereza mnamo Februari 2018. Mwaka 2021 Norton, kampuni ya kukinga virusi, ilitia mchimbaji wa Ethereum ndani ya bidhaa yake na kujikatia asilimia 15 ya kilichopatikana. Mteja ndiye aliyepaswa kumwasha, ni kweli, lakini wengi walichukizwa kumkuta humo. Na programu iitwayo XMRig, mchimbaji huria wa Monero, ndiyo ambayo wadukuzi hupenda kuipanda kwenye seva walizovunja. Msimbo wake ni halali na uko wazi kwa kila mtu. Inategemea nani ameiweka.

Kenya tuna sheria ya jambo hilo la mwisho. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inakataza kuingia na kuingilia mfumo wa mtu bila ruhusa. Sheria mpya ya watoa huduma za mali za kidijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2025, inawaweka Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kuwa wasimamizi wa wanaouza na kutunza sarafu hizi. Ugomvi wa mita ya ploti haumo humo, nao utabaki kuamuliwa kwenye ngazi.

Nisije nikaonekana napinga uchimbaji popote ulipo. Kule Murang'a, kampuni ya Gridless imeweka mashine za Bitcoin kando ya mtambo mdogo wa umeme wa maji ambao wanakijiji hawawezi kuumaliza umeme wake. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, mashine kama hizo zinaendeshwa tangu 2020 na umeme wa mto kule Luviro, na mapato husaidia kulipa walinzi wa hifadhi hiyo, ambayo watalii wameikimbia kwa sababu ya vita. KenGen ilitangaza 2022 kwamba iko tayari kuwauzia wachimbaji umeme wa mvuke. Mantiki ninaiona: usiku wa manane mvuke wa Olkaria hukosa mnunuzi. Wachimbaji hao wana mita yao, wanajua wanachonunua, na hakuna jirani anayewachangia.

Tatizo la gridi ni la jioni. Rais William Ruto amewahi kusema hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa stima kwa sababu haitoshi. Tangu mwishoni mwa 2022 tunanunua hadi megawati 200 kutoka Ethiopia, nchi ambayo yenyewe imekuwa ikiwauzia wachimbaji wa Bitcoin umeme wa mabwawa yake. Mashine moja ya kisasa ya Bitcoin huvuta wati 3,500, sawa na yuniti 84 kwa siku. Nyumba nyingi za chumba kimoja Kayole hazifikishi hizo kwa mwezi. Nyaya za ploti zilizofungwa na fundi wa mtaani kwa ajili ya balbu na televisheni hazikukusudiwa mzigo huo. Na mashine hizo zikipitwa na mpya hazina kazi ya pili. Hugeuka taka za vyuma, na taka za jiji hili tunajua huishia wapi: jaa la Dandora, kwenye pua za watu walewale.

Watu wa hapa wamewahi kuuzwa bei rahisi kwa jina la sarafu. Mwaka 2023 vijana walipanga foleni KICC ili Worldcoin ipige picha mboni za macho yao kwa malipo yaliyokuwa kama shilingi 7,000, mpaka serikali ikasimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe. Siwalaumu waliopanga foleni. Elfu saba ni kodi ya mwezi. Lakini waliambiwa pesa kwanza na masharti baadaye, na ndivyo programu za uchimbaji zinavyouzwa pia katika makundi ya vijana: picha ya mapato inawekwa mbele, gharama ya stima haitajwi.

Basi zibaki ghalani au ziondolewe? Zibaki, kwa ile hoja ya usalama niliyoitaja, na kwa sababu mwanafunzi ana haki ya kusoma msimbo unaoendesha sarafu zinazozungumzwa kila siku. Ila zisiwekwe kamwe ndani ya mfumo unaosakinishwa kwa kawaida. Zisijiwashe zenyewe kompyuta inapowaka. Zisikubaliwe zikiwa zimeandamana na gemu au programu nyingine. Na maelezo ya kifurushi, yale anayoyasoma mtu kabla ya kukishusha, yaseme waziwazi kwamba programu hii itaiendesha kompyuta yako kwa nguvu zote, itaongeza bili, na kwenye mashine ya kawaida haitarudisha gharama. Ni sentensi tatu. Anayejitolea kutunza kifurushi ataziandika kwa dakika tano, na mafundi wetu wa Nairobi wanaochangia programu huria wanaweza kuzitafsiri kwa Kiswahili.

Kwa upande wetu, mwenye saiba aangalie mara kwa mara orodha ya programu zinazokimbia kwenye mashine zake usiku. Feni inayovuma wakati hakuna mteja ni dalili tosha. Wenye ploti wanaotoza stima ya kugawana wafunge mita ndogo kila mlango, kama wengine walivyokwisha kufanya, ili kila mtu alipie alichotumia, kiwe koili au sarafu. Na wewe unayenunua kompyuta ya mtumba, kabla hujamtumia fundi pesa mwambie aiwashe, afungue mbele yako orodha ya programu zinazokimbia, na akueleze jina la kila kinachokula zaidi ya nusu ya nguvu ya mashine. Akishindwa kueleza, usimlipe.